Kipande cha Mkaa Juu ya Makopa

Jumanne, tarehe 4 Machi 1986. Mawingu tangu alfajiri, upepo hakuna, joto la kunata. Mvua ilitishia kutwa nzima na haikunyesha.

Siku ya namna hiyo haianikwi muhogo. Muhogo uliotoka majini ukikosa jua la siku ya kwanza huota ukungu mweusi, na kila mwanamke wa Pongwe analijua hilo. Yudith alilijua kuliko wengi. Hata hivyo asubuhi ile alitandika jamvi uani, akaumwaga muhogo wake na kuutawanya kipande kimoja kimoja, kisha akakaa kando yake juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kijiti mkononi, akiwafukuza kuku. Asingeweza kuuacha majini siku nyingine. Ulikuwa umeshalala humo siku saba, na jirani zake huloweka siku nne.

“Mama Ernesti anaufundisha muhogo kuogelea,” walisema kisimani. Yeye alisikia, akacheka nao kidogo, akajitwika ndoo yake akaondoka.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwembamba, mwenye vidole vilivyopauka kwa maji. Mume wake, Zabron, alikuwa fundi wa mtambo wa kusinga mkonge, unaotoa nyuzi kwenye majani. Mtambo huo siku hizi ulifanya kazi wiki moja na kulala wiki mbili kwa kukosa vipuri, kwa hiyo Zabron alishinda nyumbani akitengeneza baiskeli za watu. Mtoto wao mmoja, Ernesti, alikuwa kazini Arusha. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na jiko la nje. Ndani ya jiko hilo, juu ya mafiga, kulikuwa na uchaga wa fito, na juu ya uchaga vilikaa vikapu kumi na kimoja vya makopa, yaani muhogo mkavu. Kila kikapu kilikuwa na kipande cha mkaa juu yake.

Ule mkaa ndio ulioshika maisha ya Yudith.

Yeye ni Msambaa wa upande wa Bumbuli. Milimani kwao walikula ndizi, viazi na mahindi, na muhogo ulikuwa kitu cha kutafuna njiani. Mwaka aliposhuka Pongwe kuolewa, mama mkwe wake, mwanamke wa Kibondei asiyepoteza maneno, alimkuta mpakani mwa shamba ameng'oa mzizi na kuumenya kwa meno. Mama mkwe alimtia kidole kinywani, akakichokoa kile kipande, akakitupa.

“Huo si wako, mwanangu. Huo ni wa nguruwe. Na nguruwe mwenyewe kaukataa.”

Ndipo alipofundishwa. Kuna muhogo mtamu, unaopandwa karibu na nyumba, unaochemshwa au kuchomwa siku hiyo hiyo. Na kuna muhogo mchungu, unaopandwa mbali, mpakani, ambao ngedere hauibi na mtu mwenye akili haugusi. Huo hukaa ardhini hata miaka miwili ukingoja njaa. Siku ya kuutaka, unaumenya, unaupasua, unatoa ule uzi wa katikati, unauloweka kwenye kidimbwi cha kijito mpaka zipite asubuhi nne. Ukilainika na kutoa harufu ya kuchacha, unaukamua na kuuanika mpaka ukivunja kipande kilie kama kijiti kikavu. Kisha unaupandisha kwenye uchaga, moshi wa kila siku uupitie, usiingiliwe na wadudu. Hapo unaweza kuutwanga, kuuchekecha, kuusonga bada, ugali wa muhogo, na mtu akala akashiba akalala akaamka.

“Sasa sikiliza la mwisho,” alisema mama mkwe. Aliinama mekoni akaokota kipande cha mkaa uliozimika. “Tangu siku unaloweka, huu unakaa juu ya kikapu. Maana yake, bado. Kikapu chenye mkaa hakiguswi, hata na mwenye njaa. Na mkaa hautolewi ila na mkono ulioloweka. Ukiutoa, umesema tayari. Huna haja ya kusema neno jingine.”

Yudith aliishika sheria hiyo miaka kumi na tisa. Akaivunja siku moja. Tangu siku hiyo, na ilikuwa imetimia miaka miwili kasoro siku chache, hakuwahi kuutoa mkaa juu ya kikapu chochote. Kila msimu aling'oa, akamenya, akaloweka, akaanika, akapandisha kwenye uchaga, na kila mara mkono ulipoufikia ule mkaa ulirudi wenyewe. Yeye na Zabron walikula mahindi na viazi. Makopa yalikaa.

Na yalikuwa na sauti. Hilo hakumwambia mtu. Mchana, jiko likiwa kimya na moto umelala, kulisikika mkwaruzo huko juu, krr, krr, kama mtu anayekuna ukuta kwa ukucha. Na mara nyingine, si kila siku, ilikuja sauti tofauti: ko, ko, ko. Mara tatu, taratibu, kama mgongo wa kisu kwenye mwimo wa mlango. Hiyo aliijua. Huyo alikuwa Luka.

Saa nne hivi asubuhi ile pikapu ilisimama barabarani, na mwanamke wa makamo akaja uani akipepea mtandio. Ni Nurbanu, mke wa Khozema, wenye duka mjini, Chumbageni. Miaka ya shida duka lao lilibaki na viberiti na chumvi ya mawe tu. Sasa vizuizi vya barabarani vimelegezwa, mtu anaruhusiwa kusafirisha chakula bila kuulizwa kama anakiiba, na Nurbanu alizunguka Pongwe nzima akitafuta makopa, nazi na pilipili.

“Hodi hodi, Mama Ernesti! Unalinda muhogo au muhogo unakulinda wewe?”

“Karibu, Mama Sarrah. Tunalindana.”

“Nimeleta sabuni. Ya kweli, yenye povu, si majani ya mpapai. Na sukari. Na kanga nitakuonyesha, ukiikataa uniite mwongo.” Alikuwa ameshaingia jikoni, shingo ameinyoosha juu. “Ya Ali! Vikapu vyote hivi? Watu wananiambia Mama Ernesti ndiye mwenye makopa meupe kuliko wote, mimi nasema watu wanazidisha. Kumbe wamepunguza! Unamwekea nani?”

“Hayajawa tayari.”

“Yale ya nyuma kabisa yamevaa masizi kama sufuria ya harusi, wewe unasema hayajawa tayari. Yataanza shule lini?” Alicheka peke yake. Kisha akainua kidole. “Hebu sikiliza.”

Krr, krr. Krr.

Yudith alimgeukia haraka. Kumbe hata wengine wanasikia.

“Dumuzi,” alisema Nurbanu. “Ninawajua hao, walikula dengu zangu gunia zima mpaka likabaki gunia. Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Ernesti. Unaficha chakula, kumbe unafuga wadudu. Nipe leo hii, kabla hujabaki na vumbi.”

“Hayajawa tayari,” Yudith alirudia, na sauti ilikuwa ndogo.

Honi ililia barabarani. “Nakusikia, nakusikia,” Nurbanu alisema kumjibu mume wake ambaye asingeweza kumsikia. Aliacha mche wa sabuni juu ya kinu. “Huu si biashara. Huu ni wa wewe kuoshea mikono, imepauka kama ya maiti. Alhamisi napita tena.”

Alipoondoka, Yudith alisimama chini ya uchaga muda mrefu. Dumuzi. Kwa hiyo ile ya kukwaruza ilikuwa dumuzi. Alijaribu kufurahi. Lakini dumuzi hagongi mara tatu na kusubiri.

Luka alikuwa mkata mkonge, jirani wa nyumba ya tatu. Baba yake aliletwa na mashamba kutoka Songea, naye akazaliwa humu humu, akaoa humu humu, Mkatoliki mcheshi mwenye mikono iliyojaa makovu ya miiba. Yeye hakupiga hodi. Aligonga mwimo kwa mgongo wa kisu chake cha mkonge, ko, ko, ko, kisha akasema, “Wenyewe mpo, au mmeshaliwa na mkonge?” Alimwita Yudith shemeji kwa sababu yeye na Zabron walikuwa watani kama ndugu tangu ujana. Akiuona mkaa juu ya kikapu alisema, “Shemeji, huo mkaa wako una wivu. Hautaki nishibe.”

Vuli ya mwaka 1983 haikunyesha. Mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa goti. Watu walipanga foleni toka alfajiri kungoja unga wa yanga, ule wa manjano, wakarudi na mifuko mitupu. Walichemsha mapapai mabichi. Walichimba mizizi ambayo wazee walisema waliila mara ya mwisho wakati wa vita. Hapo ndipo muhogo mchungu wa mpakani, uliokuwa umengoja, uliitwa. Yudith aling'oa mafungu matatu, na jioni ya Jumanne, tarehe 6 Machi 1984, akauloweka. Akaweka mkaa juu ya kikapu, pale ukingoni.

Jumatano ilikuwa ya Majivu. Alhamisi asubuhi, Bertha, mke wa Luka, alikuja. Hakuomba. Alisimama tu kijitoni, binti yake Devota, wa miaka sita, amemshika kanga, mtoto midomo imebabuka kwa maembe mabichi. Bertha aliutazama muhogo majini, akauona mkaa, akatazama pembeni kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga.

Yudith alishikwa na aibu. Ndivyo alivyojieleza nafsini mwake miaka yote miwili: haikuwa huruma, ilikuwa aibu, aibu ya kuwa na chakula majini mbele ya mtoto mwenye midomo ile. Alijua Bertha asingepokea kikapu chenye mkaa. Alijua pia kwamba zilikuwa zimepita asubuhi mbili tu.

Akautoa mkaa.

Alimjazia kikapu. “Lakini uanike kwanza,” alisema. “Siku tatu, mwenzangu. Siku tatu za jua kali.”

“Nitaanika, dada. Mungu akuzidishie.”

Kinywa kilisema anika, kikapu kikasema tayari. Na mwenye njaa anamsikiliza nani?

Bertha aliukata muhogo vipande vyembamba, akavitandaza juu ya bati lililokuwa likiwaka jua, na alasiri vilikauka vya kutosha kutwangika. Jioni alisonga bada. Luka alikuwa ametoka shambani, siku ya pili anakata mkonge tumboni hamna kitu, na yeye kama baba wa nyumba akapewa fungu kubwa. Walipomaliza alilalamika kichwa, akatapika, akasema miguu si yake. Kabla ya kengele ya kazi ya Ijumaa, amekwisha.

Mganga wa zahanati aliandika jambo kuhusu tumbo. Watu walisema Luka amefunga Kwaresima juu ya njaa, mwili ukashindwa. Mwaka ule wengi walikufa kwa njaa, na Luka akaingizwa katika orodha hiyo bila mtu kuuliza swali. Matangani Yudith alikoroga uji wa watu. Bertha alilia hadi sauti ikakatika. Wanawake hao wawili hawakutajiana muhogo siku hiyo, wala siku yoyote iliyofuata. Walisalimiana njiani. Waliazimana ungo. Likawa jambo lililokaa katikati yao kama mgonjwa asiyetajwa jina.

Alasiri ya Jumanne ile ya mwaka 1986 mawingu yalikuwa yameshuka chini zaidi. Yudith alianza kuukusanya muhogo, ambao tayari ulikuwa na madoa, ndipo aliposikia hatua.

“Hodi, dada.”

“Karibu, Mama Devota.”

Bertha alikaa kwenye ukingo wa jamvi bila kukaribishwa kiti, akaanza kumsaidia kuokota. Alikuwa amenenepa kidogo tangu vyakula virudi, ila macho hayakurudi na mwili. Kuku mmoja alinyemelea, Bertha akamtupia kipande cha muhogo. “Toka, mlafi! Kama padri wa zamani.”

Yudith akacheka, na kicheko kikamshangaza mwenyewe.

“Jumapili ni tarehe tisa,” alisema Bertha. “Inatimia miaka miwili. Nimemwombea misa. Mwaka jana sikuweza, unajua tulivyokuwa. Mwaka huu nataka watu wakitoka kanisani wapite kwangu wale chochote. Ni Kwaresima, sitachinja.”

“Vizuri. Nitakuja kukusaidia kupika.”

“Nataka bada.”

Yudith aliacha kuokota.

“Luka alipenda bada,” Bertha aliendelea, akiangalia jamvi. “La muhogo wa mpakani, lile linalovutika, na dagaa wa nazi. Unga wa mahindi ninao. Sitaki mahindi. Nimekuja kuomba makopa yako.”

“Kachukue kwa wengine. Mama Mselem anayo, mazuri.”

“Nataka yako.”

“Yangu hayajawa tayari.”

Bertha alinyanyua uso. “Nimekuja humu jikoni kuazima moto mara ngapi? Naviona vikapu. Naiona mikaa. Huo mkaa utatoka lini, dada?”

Hapo Yudith angeweza kusema kesho, au kesho kutwa. Alikuwa na miaka miwili ya maneno yaliyopangwa. Yote yalimkimbia, likabaki moja.

“Ule wa siku ile niliutoa asubuhi ya pili.”

Mtaani mtoto aliita mwenzake. Zabron, upande wa mbele wa nyumba, aligonga gurudumu la baiskeli, akanyamaza.

“Siku zilikuwa hazijatimia,” alisema Yudith. “Nilijua, nikautoa. Nilikuambia uanike, lakini nilishautoa. Mimi ndiye niliyemuua Luka.”

Bertha hakulia, wala hakuinuka. Alikuwa ameshika kipande cha muhogo, akawa anakifuta vumbi kwa kidole gumba, anakifuta tu.

“Nilikuona Jumanne ile unatoka kijitoni, umeshaloweka,” alisema hatimaye. “Ukanipa Alhamisi. Unafikiri mimi sijui kuhesabu mpaka nne?”

Yudith alimtazama.

“Nilijua, dada. Nilipokipokea nilijua. Nikasema nitaanika siku tatu, mtoto akaniangalia, nikaanika nusu siku. Nikapika.” Alikiweka kile kipande jamvini pamoja na vingine. “Na hilo si lenyewe. Lenyewe ni hili. Niliposonga, nilionja. Ulimi ukauma. Nikasema moyoni, ni njaa, njaa inafanya kila kitu kichungu. Nikampa Devota kidogo, nikajiwekea kidogo. Lililobaki nikamsukumia yeye. Akasema, Mama Devota leo umenipendelea. Akacheka.”

Mikono yake sasa ilikuwa imelegea mapajani.

“Hilo ‘umenipendelea’ nalisikia kila siku nikipakua chakula,” alisema. “Sijala bada tangu siku hiyo. Devota ananiuliza kwa nini watoto wengine wanakula na sisi hatuli. Nimwambie nini?”

“Kwa hiyo umenisamehe?” Yudith aliuliza, na papo hapo akajuta kuuliza.

“Sikuja kwa hayo. Nani ataanza kumsamehe mwenzake, na mwenye kusamehe yuko makaburini?” Bertha alisimama, akakung'uta kanga. “Nimekuja kuomba makopa. Nikila ya Mama Mselem, nitakuwa nimekula muhogo tu. Nataka kula yale yaliyotolewa mkaa na mkono wako, ukijua siku zimetimia, nami nikijua. Ukiweza, niletee. Usipoweza, Jumapili watu watakula mahindi, na mimi na wewe tutaendelea kuazimana ungo mpaka tuzeeke.”

Alifika kona ya nyumba, akageuka. “Na hayo ya jamvini yatupe. Yameshaota ukungu. Unaanika muhogo siku ya mawingu, mtu mzima?”

Zabron alikuja akiwa na grisi mikononi. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko, akanawa kwa ule mche wa Nurbanu. Povu lilipotoka jeupe alilitazama kama mtu aliyesahau kwamba sabuni hufanya hivyo.

“Nimesikia,” alisema.

“Tangu lini unajua?”

“Mama alinifundisha hesabu hiyo kabla yako, Mama Ernesti. Nilisubiri useme.”

Ko, ko, ko, ilisikika jikoni. Yudith aliangalia uso wa mume wake. Zabron alikuwa akisugua kucha. Kama alisikia, hakuonyesha.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 5, mawingu yalikuwa yamepanda na jua likatoka mapema, jua la kuanikia ambalo halikuwa na kazi tena. Yudith aliimwaga mihogo iliyoota ukungu kwenye shimo la taka. Kisha akasimama juu ya kinu kilichopinduliwa, akashusha vikapu vyote kumi na kimoja, akavipanga uani kuanzia cha zamani hadi cha karibuni.

Kikapu cha kwanza kilikuwa chepesi mno. Alikiinamisha, na makopa yakamwagika kama unga, meupe, laini, yakiwa na vidudu vyeusi vinavyotambaa ndani yake. Cha pili vilevile. Cha tatu kilibaki na maganda ya vipande, ukikigusa kinaporomoka. Mikaa tu ndiyo iliyobaki mizima, kila mmoja juu ya vumbi lake, kwa kuwa dumuzi hawali mkaa. Alifika cha tisa hajakuta kipande cha kuvunja. Kuku walikuwa wamejaa uani wakidonoa kama siku ya sikukuu, naye hakuwafukuza.

Viwili vya mwisho vilikaa katikati ya uchaga, juu ya moto wenyewe, vikala moshi wote wa msimu. Hivyo vilikuwa vizito. Alichukua kopa moja kutoka kila kikapu, akalivunja. Lililia kama kijiti kikavu. Akatafuna kipande cha hili, kisha cha lile, polepole, akipitisha ulimi kila mahali. Uchachu kidogo na moshi. Uchungu hakuna.

Hata hivyo hakuinuka. Alikaa kwenye kizingiti akingoja kichwa kizunguke, akingoja miguu isiwe yake. Kengele ya shule ililia ya kuingia. Zabron alitoka, akamwona, akavunja naye kipande, akatafuna, akakaa kando yake. Walikaa hivyo mpaka kengele ya mapumziko ikalia na kelele za watoto zikamwagika kutoka kule juu ya barabara.

“Kichwa?” aliuliza Zabron.

“Kizima.”

“Changu nacho.”

Ndipo Yudith aliponyoosha mkono akautoa mkaa wa kikapu kimoja kati ya vile viwili, kisha wa kile kingine. Safari hii mkono haukurudi. Aliitia mekoni yote miwili, chini ya sufuria ya chai, nayo ikashika moto na kuwaka kama mkaa wowote.

Alimimina makopa yote katika kikapu kimoja kikubwa, akajifunga kanga, akasokota ngata akaiweka kichwani, Zabron akamtwika. Uchaga nyuma yake ulikuwa mtupu, fito tupu na masizi. Alikuwa ameshageukia njia ya nyumba ya tatu aliposikia kwenye mwimo wa mlango wa jiko, karibu kabisa na sikio lake: ko, ko, ko.

Hakugeuka. Alishika kikapu kwa mkono mmoja, akasogea pembeni kidogo, kama unavyompisha mtu mlangoni, akangoja kwa kadiri ya hatua mbili. Kisha akaenda kwa Bertha.